Mawe ya Redio Mfukoni mwa Shemeji

Shemeji yangu alikuwa akitembea na mawe ya redio mfukoni. Mawe, ndivyo tulivyoziita betri pale Kigali. Kila asubuhi akimaliza kusikiliza habari aliilaza redio kifudifudi, akafungua mgongo wake, akayatoa moja moja, akayatia kwenye mfuko wa koti na kwenda zake kazini. Jioni akirudi ungeyasikia yakigongana kabla hujamwona mwenyewe. Hadi leo nikisikia vitu vigumu vikigongana ndani ya nguo ya mtu, roho inanichafuka.

Na redio yenyewe ilikuwa yangu. Mama yangu ndiye aliyeinunua nilipoolewa, ikapanda kilima cha Gisozi pamoja na godoro, sufuria na mikeka yangu, kwa sababu kwa watu wa mama, bibi harusi haendi mikono mitupu, na alivyokuja navyo hubaki vyake. Alinikabidhi mbele ya wakwe, akasema kwa Kinyarwanda chake cha Byumba kwamba sasa hata akiwa mbali atajua pa kunipata. Watu wakapiga vigelegele. Shemeji naye alipiga makofi, nakumbuka vizuri, huku akiipima redio kwa macho.

Baba yangu alikuwa Mswahili wa Nyamirambo, mtaa wa Waswahili pale Kigali, fundi cherehani, na ndiye aliyeniachia lugha hii ninayoandikia. Alipofariki, mama alirudi kaskazini kwao kulima. Mume wangu alikuwa dereva wa lori. Vita vilipoanza mwaka 1990 na barabara ya kaskazini ikafungwa, malori yakawa yanazungukia mpaka wa Rusumo kwenda Dar es Salaam, nami mume nikawa namwona kama mgeni. Nyumba ikabaki mikononi mwa kaka yake mkubwa, ndiye huyo shemeji wa mawe. Huyu alikuwa karani wa bohari mjini, mtu ambaye kazini hakuna aliyemwogopa, kwa hiyo ukubwa wake wote alikuja kuumalizia kwetu.

"Mawe iko ya habari," alikuwa akisema. "Haiko ya wanawake kuchezea muziki."

Wanawake wenyewe tulikuwa wawili, mimi na mama mkwe, na mama mkwe hakuwa na haja ya muziki wowote. Alikuwa mzito wa maneno na mkali wa macho. Hakunipenda, nami sikumpenda. Tulipeana heshima asubuhi na jioni, basi.

Safari moja mume wangu alirudi kutoka Dar na boksi alilonunua Kariakoo, vifaa vya kujifunzia mambo ya umeme. Alitaka ajue kutengeneza redio aachane na barabara. Ndani kulikuwa na kibao cheupe cha plastiki kilichojaa matundu madogo, waya za rangi rangi, vidude vyenye miguu ya chuma, kisikilizio cha kutia sikioni, na kijitabu chenye picha. Alihangaika nacho jioni moja, akakitukana, akakisukuma chini ya kitanda, akaondoka na lori lake. Nilikitoa mimi. Sikuwa na kiu ya elimu, nisijipambe. Nilikuwa na hasira nyingi, na mikono yangu ilitaka kazi ambayo mtu yeyote wa nyumba ile asingeweza kuikosoa.

Uzuri wa kile kibao ni kwamba huchomelei kitu. Unachomeka mguu wa kidude kwenye tundu, na ukikosea unachomoa. Matundu ya mstari mmoja yameunganishwa chini kwa chini na kipande cha chuma usichokiona. Mimi hilo sikulijua. Nilichukua kitaa chekundu nikachomeka miguu yake yote miwili kwenye mstari mmoja, nikidhani vitu vya mstari mmoja vinafaa kukaa pamoja. Nikaunganisha jiwe la mraba lililokuja na boksi. Giza. Nikageuza, giza. Nilikitukana kibao kwa lugha mbili. Baadaye picha za kijitabu zikanifungua macho. Umeme ukipewa njia ya mkato hupita huko, na kitaa kilichokaa pembeni hakipati kitu. Nikahamisha mguu mmoja mstari wa jirani, kitaa kikawaka. Nilicheka peke yangu jikoni, na mama mkwe akauliza kutoka uani nimechekeshwa na nini. Nikamjibu si kitu.

Kwa kuwasha na kuzima nikajifunza mengi. Kipo kidude cha kupunguza umeme usije ukaunguza kitaa. Ipo transista, yenye miguu mitatu, ambayo ukigusa mguu wake mmoja kwa kidole kilicholowa inafungua njia ya umeme mkubwa. Nilikuwa sijapata kuona kitu kidogo chenye amri namna ile. Halafu jiwe la mraba likafa, na nikafanya kosa la kwenda kwa shemeji kumwomba mawe yake kwa muda.

"Weye?" akasema. "Mwanamke na ma-waya, wapi na wapi? Pika."

Nikarudi kwenye kijitabu nikiwa nimevimba. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na picha ya redio isiyotumia jiwe hata moja, inayoishi kwa nguvu ya mawimbi yenyewe. Niliutazama ule ukurasa kwa chuki tamu.

Mwanzoni mwa mwaka 1993 mapigano ya kaskazini yakawaka upya, na watu wa Byumba wakashuka kuja upande wa Kigali na magodoro vichwani. Kilima cha mama yangu kilibaki kitupu, hayo niliyapata kwa wapita njia. Yeye alikuwa wapi, hakuna aliyejua. Ya mwaka uliofuata sitayaweka hapa. Hapa nasimulia ya redio, na ya mtu mmoja.

Ieleweke jinsi redio ya taifa ilivyokuwa kwetu. Baada ya habari yalisomwa matangazo ya watu. Fulani amefariki, ndugu zake popote walipo waje kuzika. Fulani amepoteza kitambulisho. Fulani anamjulisha mwanawe kwamba amefika salama. Watu kama sisi hatukuwa na simu. Redio ndiyo ilikuwa simu yetu, na nchi nzima ilisikiliza simu ya kila mtu. Kama mama yangu alikuwa hai, angeniita kwa njia ile, kwenye redio aliyoninunulia mwenyewe.

Nilimpigia shemeji magoti. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, nilipiga magoti kwenye saruji na kumwomba tusikilize matangazo pamoja.

"Nikisikia, si nitakwambia?" akasema. "Ukiacha redio kwa sauti, inakula mawe."

Tangu hapo habari zikiisha aliichukua redio chumbani kwake, akaisikiliza kwa sauti ya chini ameiweka sikioni. Akitoka, mimi nimesimama mlangoni.

"Hakuna," anasema, na kufungua mgongo wa redio.

Nilitaka kwenda mwenyewe kumtafuta. Lakini kambi zilikuwa nyingi, na ya Nyacyonga peke yake ilikuwa mji mzima wa maturubai. Shemeji akaniambia nikitoka bila ruhusa ya mume wangu nisirudi. Kilimani nako hali ilikuwa mbaya. Nikifika bombani na ndoo, wanawake wananyamaza. Mmoja wao, jirani yetu wa chini, akasema akitazama pembeni:

"Iko watu, masikio yao ni ya kuvaa herini tu."

Nilidhani ananisema kwa kutoitikia salamu yake. Nikamwambia yake hata herini hazina pa kukaa. Tukaachana hapo, na ndoo yangu nusu.

Basi nikaijenga ile redio isiyokula kitu. Ilihitaji koili, yaani waya mwembamba uliozungushwa kwenye bomba. Bomba nikapata kopo la poda, na waya nikaufumua kwenye feni iliyoungua. Eriali ilikuwa waya wa kuanikia nguo wa mama mkwe, uliopita uani kutoka mti hadi mti. Waya wa ardhini niliufunga kwenye jembe bovu, nikalikita pale tunapomwaga maji ya kuoshea vyombo, maana udongo mkavu haufai. Kwenye kibao nikachomeka kapasita ya kuzungusha, ile inayochagua stesheni, na dayodi, kidude cha kioo kidogo kama punje ya mchele. Nikatia kisikilizio sikioni.

Mjerumani akaanza kuniongelesha.

Ng'ambo ya pili, kilima kinachotazamana na chetu, ilisimama milingoti ya redio ya Wajerumani iliyorusha matangazo yake Afrika nzima. Tuliiona kila siku tukifua nguo. Sasa ilikuwa sikioni mwangu. Nikazungusha kapasita huku, Mjerumani. Nikazungusha kule, Mjerumani yule yule, hajakata hata pumzi. Nikaichomoa koili nzima kwenye kibao nikaiweka chini, bado anaongea. Kuna saa walisoma Kiswahili, kizuri, kilichonyooka, na mara ya kwanza machozi yalinitoka kwa kumkumbuka baba. Lakini sauti ile ilitaja wakimbizi kwa maelfu, na mimi nilitaka mmoja. Redio ya taifa ilikuwa chini yake, naisikia kwa mbali inanong'ona, simpati msomaji hata neno. Nikamchukia yule Mjerumani kama vile anajua ninachotafuta na ananizibia kusudi.

Dawa yake ilikuwa kwenye kijitabu. Unatengeneza koili ya pili na kapasita yake, unaiweka njiani kabla mawimbi hayajaingia redioni, unairekebisha ikae sawa na yule mwenye kelele. Yeye ananaswa pale, wengine wanapita. Kapasita ya kuzungusha nilikuwa nayo moja tu. Ya pili nikaitengeneza kwa karatasi ya fedha inayofunika sigara ndani ya pakiti. Vipande viwili, katikati karatasi ya daftari, nikivibana kwa kidole gumba kwa nguvu au taratibu, kipimo kinabadilika. Pakiti zilikuwa za shemeji. Alivuta sana, na nilikuwa nikiziokota chini ya kiti chake kwa raha ambayo siwezi kuieleza.

Siku za kwanza nilibana vibaya na kunasa redio ya taifa badala ya Mjerumani. Siku moja mama mkwe alianika mashuka mabichi kwenye waya, kila kitu kikahama, na mimi nikafumua koili nzima nikidhani kosa ni langu. Nilipogundua ni mashuka, nilimuuliza kama hana siku nyingine ya kufua. Akanitazama kama nimepungukiwa akili.

Jumapili shemeji alikuwa nyumbani. Aliuona waya mwekundu ukishuka kutoka kwenye waya wa nguo, akaufuata kwa macho hadi dirisha la jikoni, akaingia bila hodi.

"Hii waya iko ya nini?"

"Ya kusikiliza."

"Unasikiliza au unaongea? Weye na hao wa kaskazini mnaambiana nini?" Kisha akalitamka neno lililokuwa likipeleka watu gerezani miaka ile: icyitso, msaliti anayewasaidia maadui. Alilitamka taratibu, usoni pangu, akijua uzito wake. "Naenda sema kwa konseye. Waje waone." Konseye ndiye aliyekuwa kiongozi wa serikali kilimani kwetu.

Akakishika kibao kwa mkono mmoja, na wa pili ukang'oa kila kitu kilichokuwa juu yake, kama mtu anayenyonyoa kuku. Akavitupa uani kupitia dirishani. Halafu akatoka aukate na waya wa nguo, na hapo mama mkwe akasimama.

"Hiyo ni ya nguo zangu," akasema. "Usiiguse."

Hakunitetea, alitetea mashuka yake. Lakini eriali ikabaki. Shemeji akaenda zake, kwa konseye au kwenye pombe, sikujua, na kutwa nilikuwa nikitupia njia jicho. Hakuna aliyekuja. Mimi nilikuwa nimeinama uani nikitafuta dayodi kwenye vumbi, na kuku wa mama mkwe nao wanaitafuta. Mmoja aliidonoa kweli. Nilimfukuza hadi kwenye migomba nikimlaani, akaidondosha. Nikaifuta kwa kanga nikaitia mdomoni isipotee tena.

Shemeji alidhani ameimaliza kazi ya wiki nyingi. Hakujua kibao kilivyo. Kimetengenezwa ili vitu ving'olewe. Nilikuwa nimejenga na kufumua mara nyingi mno, sikuhitaji tena kijitabu. Kesho yake mchana, mawe yakiwa mjini ndani ya koti lake, nilichomeka kila kitu mahali pake mikono ikienda yenyewe. Nikavibana vile vipande vya karatasi ya fedha kwa kidole gumba, polepole, hadi Mjerumani akazama kama mtu anayeingia chumba cha ndani na kufunga mlango. Na msomaji wa Kinyarwanda akatoka wazi. Habari zilikuwa zinaisha.

Nikasikiliza vifo. Nikasikiliza vitambulisho. Kisha akasoma jina la mama yangu. Alisema mama fulani, mzaliwa wa Byumba, aliyeko kambi ya Nyacyonga, upande wa shule, anamjulisha kwa mara ya mwisho binti yake aliyeolewa Gisozi kwamba bado anamngoja, na kwamba kama hawezi kuja, amtumie mtu tu amwambie.

Kwa mara ya mwisho. Kidole kiliteleza, Mjerumani akarudi, nami nikabaki nimekaa naye sikioni. Nilimwelewa shemeji hapo, na ile "Hakuna" yake ya kila siku, na nilimwelewa jirani wa bombani pia. Kilima kizima kilikuwa kimesikia mama yangu akiniita, tena na tena. Waliona nyumba yetu ina redio, wakaona siendi, wakaniona mtoto mwenye moyo wa jiwe.

Niliondoka vile vile, na kanga ya jikoni. Mama mkwe aliniuliza nakwenda wapi, nikamwambia namfuata mama yangu, na kama mwanawe mkubwa ataniuliza ruhusa, amwambie aitafute kwenye mfuko wake. Nilitembea karibu nikimbie hadi Nyacyonga. Upande wa shule, mbele ya turubai la bluu, alikuwa amekaa juu ya kifurushi chake, amekonda, anachambua maharage yenye mchanga. Aliniona. Hakuinuka.

"Umekuja kuniambia mwenyewe?" akauliza.

Nikamwambia sikuwa nimesikia.

"Redio si nilikupa mimi?"

Nilimweleza habari ya mawe kuwa mfukoni mwa mtu, nikilia, nikichanganya Kiswahili na Kinyarwanda. Kwa kilio kile hakuelewa hata nusu. Nilichukua kifurushi nikakibandika kichwani, akanifuata kwa sababu nilikuwa nimechukua kila alichokuwa nacho.

Tulipofika Gisozi mama mkwe alimtazama mama yangu, akatazama miguu yake, akaingia ndani. Nilijiandaa kugombana. Akatoka na kiti cha shemeji, kile ambacho hakuna mwingine aliyekikalia, akakiweka sebuleni na kumwambia mkwe mwenzake karibu. Sikumwelewa yule mwanamke, wala sitaki kusema nilianza kumpenda. Akachemsha maji ya kunawa.

Jioni tukayasikia mawe yakipanda kilima. Shemeji aliingia, akamwona mgeni kwenye kiti chake, akasimama mlangoni. Mbele ya mama mkwe wa mdogo wake hakuweza kufanya lolote ila kuinama na kusalimu, na alisalimu, vizuri tu. Kisha akanigeukia.

"Nyumba hii iko na watu wa kutosha," akasema kwa Kiswahili, akidhani mama hatamwelewa. Mama alikuwa ameishi Nyamirambo na baba yangu ujana wake wote.

Nikamnyooshea mkono. "Mawe."

Hakutikisika. Mama mkwe akasema, bila kupandisha sauti, "Mpe mawe yake." Akayatoa. Yalikuwa na joto la mwili wake. Nikayapanga mgongoni mwa redio yangu, nikaiweka mezani mbele ya mama, nikafungua sauti hadi mwisho. Habari zikaisha. Vikaja vifo, vikaja vitambulisho, na kisha, matangazo ya mchana yakirudiwa, msomaji yule yule akaanza kusoma jina la mama yangu, mama yangu mwenyewe akiwa amekaa pale anasikiliza.

Mkono wa shemeji ukaenda kwenye swichi. "Inakula mawe," akasema.

"Acha," mama mkwe akamwambia. "Kaa chini usikilize na sisi."

Akakaa kwenye mkeka, na koti lake likiwa kimya, tukasikiliza wote hadi mwisho.